Kabla ya kuvuka Gois, soma maji

Makala moja imeitaja Passage du Gois, barabara ya mkoa wa Vendée, Ufaransa, iendayo kisiwa cha Noirmoutier, kwa sentensi moja tu: "vukeni maji yakipwa." Haitoshi. Barabara ina urefu wa kilomita 4 na ushee, na bahari huifunika mara mbili kwa siku. Vuka kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baada yake. Saa za maji kupwa zimebandikwa kwenye vibao pande zote mbili. Usitumie saa za jana, kwani maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Upepo wa kutoka baharini nao huyarudisha mapema.

Wanaokwama wengi ni waokota kombe, waliopaki pembeni wakainamia tope wakasahau saa. Maji yakikukuta, acha gari, panda mnara wa kujiokolea. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndiyo siku nzuri ya kombe, ila maji hurudi kwa kasi. Wenye baiskeli, mawe yana mwani unaoteleza: waendeshaji wa Tour de France walianguka hapo mwaka 1999. Ukichelewa, daraja lipo, na ni bure.