Cloud Cult na muda wa kuomboleza

Mwaka 2002 Craig Minowa, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya Cloud Cult, na mkewe Connie walifiwa na mtoto wao wa kiume wa miaka miwili, ambaye alilala usiku na hakuamka tena. Ndoa yao ilitikisika, wakatengana kwa muda kabla ya kurudiana, na katika miezi ile ya upweke Craig aliandika nyimbo zaidi ya 100. Kutokana na rundo hilo ndipo ilipotoka albamu ya They Live on the Sun mwaka 2003, na kwa maoni yangu historia yote ya bendi hiyo inapaswa kusomwa kuanzia hapo.

Wengi huanzia kwingine. Bendi hii ya jimbo la Minnesota, Marekani, inayopiga pop ya chemba, yaani pop ambayo fidla na selo hubeba uzito uleule unaobebwa na gitaa na ngoma, husifiwa zaidi kwa kutunza mazingira. Craig alisomea sayansi ya mazingira, na lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, aliyoianzisha mwenyewe, Earthology Records, ilikusanya makasha ya CD yaliyokwisha kutumika, ikayasafisha na kuyatumia upya. Studio yao ilijengwa katika shamba la kilimo hai na kuendeshwa kwa nishati ya jotoardhi. Sifa hizo ni za haki, nami huzirudia kwa furaha nikipata wa kumsimulia. Hata hivyo naona zinatufanya tuutazame uhuru wao kama msimamo wa kimaadili peke yake, na kusahau kwamba uhuru huo uliwapa kitu ambacho fedha za kampuni kubwa zisingeweza kuwanunulia: muda wa kuomboleza bila kuhimizwa.

Huku kwetu msiba una ratiba yake. Kuna matanga, kuna arobaini, kisha waliofiwa hutarajiwa kurudi katika shughuli zao. Biashara ya muziki nayo ina ratiba, tena kali kuliko hiyo, kwa sababu kwa wauzaji msiba ni habari ya albamu moja tu, na baada ya hapo msanii huulizwa ana jipya gani. Cloud Cult walipelekewa mikataba na lebo nyingine wakaikataa, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia Craig kwamba sasa inatosha. Mtoto yule yumo, kwa jina au kwa kivuli, katika albamu za mwaka 2004, 2005, 2007 na 2008, na kila mara anakuja kwa namna tofauti: kwanza kama kilio, kisha kama swali, halafu kama mtu anayesalimiwa kwa upole.

Sikiliza wimbo wa When Water Comes to Life, uliomo katika Feel Good Ghosts ya mwaka 2008. Unaanza kwa ala za nyuzi, taratibu, kana kwamba wapigaji wanaogopa kumwamsha mtu, na sauti ya Craig inachelewa kuingia. Ngoma zinapofika, wimbo unafunguka wote kwa pamoja, na mwili wa marehemu unazungumzwa kama maji yanayorudi yalikotoka. Naamini mtu hawezi kuandika wimbo kama huo mwaka wa kwanza wa msiba. Ulihitaji miaka sita, na miaka hiyo ilipatikana kwa sababu bendi ilikuwa mali yao wenyewe.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Albamu zao za mwanzo ni ndefu mno, zimejaa vipande vifupi ambavyo mhariri mkali angevikata, na mara nyingine maneno ya Craig husema waziwazi kile ambacho selo imekwisha kukisema vizuri zaidi. Hiyo nayo ni gharama ya kutokuwa na msimamizi. Mimi naikubali gharama hiyo, kwa kuwa naona wazi kilichopatikana upande wa pili: Light Chasers ya mwaka 2010, iliyotoka baada ya wazazi hao kujaliwa mtoto mwingine, ina furaha ya mtu aliyefika mwenyewe kwa miguu yake, pasipo kusukumwa.

Tangu hapo wamekwenda kwa mwendo wao. Love ilitoka mwaka 2013, The Seeker mwaka 2016, kisha kimya cha miaka sita hadi Metamorphosis ya mwaka 2022. Wamewahi pia kupiga nyimbo zao pamoja na Minnesota Orchestra, na nyuzi zao zikapata okestra kamili ya kuzibeba.

Lakini picha ninayoipenda kuliko zote ni ya maonyesho yao ya kawaida. Connie na mchoraji mwenzake, Scott West, husimama jukwaani kando ya wanamuziki, kila mmoja na turubai yake, wakichora tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mama aliyefiwa yuko pale, amewageuzia watazamaji mgongo, brashi mkononi, huku mumewe akiimba juu ya mtoto wao nyuma yake. Onyesho likiisha, michoro inapigwa mnada, na mtu asiyewajua anaondoka nayo nyumbani kwake usiku uleule.