Presha ya ujauzito na unene, kipi kinamleta mwenzake?

Wamama wakikaa pamoja haya mabishano hayakosi. Mtu alipata presha akiwa mjamzito, akajifungua salama, miaka kadhaa mbele kilo zimepanda na presha imerudi, basi wengine wanasema ile mimba ndo ilimharibu mwili, wengine wanasema aah huyu alikuwa mnene toka zamani. Mi naona kila upande una chake, ila havilingani.

Nianze na wanaosema unene ulitangulia. Huko Norway, eneo la Nord-Trøndelag, watafiti walikuwa na vipimo vya wanawake kabla hawajabeba mimba na baada ya kuzaa, kitu adimu sana maana wengi wetu presha tunapimwa mara ya kwanza tukiwa na tumbo tayari. Majibu yao ya 2010 yalionyesha waliopata presha ya ujauzito walishakuwa na uzito na presha ya juu zaidi ya wenzao hata kabla ya mimba, na sehemu kubwa ya tofauti iliyoonekana baadaye ilitokana na hapo. Kwa hiyo kusema presha ndo iliyoninenepesha, ushahidi wake ni mdogo. Na Tanzania tusijidanganye, takwimu za 2015-16 zilikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene.

Ila msiichukue hii mkaanza kumsema mtu. Kuna binti mwembamba kabisa, mimba ya kwanza, wiki ya 20 imepita presha inapanda 140/90, mkojo una protini, kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli, huyo unene wake uko wapi? Tatizo hapo linaanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa inayolipelekea damu haikutanuka inavyotakiwa. Mapacha nao wanaongeza hatari, na ukiwa na mama au dada aliyewahi kupata, nawe uko karibu. Unene unaongeza hatari kweli, lakini haupo peke yake.

Halafu hata kama uzito ulitangulia, ile presha ya mimba haiishii leba. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliotoka 2007 ulikuta aliyewahi kupata presha yenye protini kwenye mkojo ana hatari karibu mara nne ya kuja kuwa na presha ya kudumu, na kama mara mbili ya ugonjwa wa moyo au kiharusi. Kwangu hili ndo zito kuliko ubishi wote wa nani alianza, maana huyu mwanamke ameshaonyeshwa mapema, mara nyingi akiwa bado kwenye ishirini na kitu, na sisi tunamwachia aende zake.

Siku 42 baada ya kujifungua zikipita mama hana tena kadi yake, kuna kadi ya mtoto. Kila mwezi anambeba mtoto kliniki, mtoto anawekwa kwenye mzani, anachorewa mstari wake, na aliyembeba amekaa kwenye benchi hapohapo, hakuna anayeugusa mkono wake kumpima presha! Nyumbani nako anakazaniwa mtori na uji mpaka miezi sita, akiambiwa amependeza, na sipingi mama anayenyonyesha ale ashibe, kujinyima kwa nguvu wakati huo sio sawa, ila mafuta, chumvi na soda hazihitajiki kutoa maziwa.

Kama ningekuwa na sauti kwenye kliniki hizo ningeomba hicho tu, mzani wa mtoto ukitumika na mama naye apande wa wakubwa, apimwe presha, iandikwe. Na kabla hajapewa vidonge vya majira vyenye homoni mbili ndo lazima kabisa, kwa sababu presha ikiwa juu vile havimfai, kuna njia nyingine atapewa. Akibeba mimba tena aseme mapema kwamba aliwahi kupata presha, kwenye hudhurio la kwanza kabisa, maana aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia ile presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo inafanya kazi vizuri ikianzwa kabla ya wiki ya 16, na wengi wanakuja na tumbo la miezi mitano.