Mzee ana nongwa au ana masikio? Umri na msuli unaopunguza kelele

Ugomvi wa kelele Dar es Salaam una sura inayojirudia. Mzee wa Sinza au Manzese analalamikia baa iliyofunguliwa jirani, vijana wanasema ana nongwa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anabaki katikati. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, lakini mabishano ya mtaani mara chache hugusa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Yanamgusa mtu: tatizo ni muziki, au ni masikio ya uzeeni? Wanasayansi wa usikivu nao wanabishana kuhusu jambo lililo karibu sana na hilo: je, umri hudhoofisha msuli wa sikioni unaopunguza kelele?

Kwenye kikuku, mfupa wa ndani ya sikio ulio mdogo kuliko yote mwilini, umejishikiza msuli wa kama milimita 6. Sauti ikifikia takriban desibeli 70 hadi 100, taarifa hutoka koklea, sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa ishara za neva, hupita kwenye shina la ubongo na kurudi kupitia neva ya uso. Msuli hujikaza, kikuku hukakamaa, na sauti inayopenya sikio la ndani hupungua. Ukipigiwa mlio sikio la kulia, msuli wa kushoto nao hujikaza. Hakuna anayeuamrisha: ni refleksi, mwitikio wa mwili unaojiendesha wenyewe.

Wanaosema uzee unaidhoofisha refleksi hii hawasemi hewani. Vipimo vinaonyesha kuwa nguvu ya mkazo hupungua kadiri umri unavyosonga. Tena, kwa kelele ya mchanganyiko, kama mvumo wa redio isiyoshika stesheni, mzee huhitaji sauti kubwa zaidi kabla msuli haujashtuka. Maelezo yanayovutia zaidi yanatoka kwa panya. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, walionyesha kwamba baada ya kelele kali panya waliweza kurudia usikivu wao wa kawaida kwenye kipimo, ilhali sinapsi nyingi, yaani viungo vya kupitishia ishara kati ya seli za koklea na neva ya usikivu, zilikuwa zimekufa moja kwa moja. Baadaye upotevu wa aina hiyo ulionekana kwa panya waliozeeka bila kelele, na kwenye masikio ya binadamu waliokwisha kufariki. Panya waliopoteza sinapsi hizo walikutwa pia na refleksi dhaifu.

Upande wa pili una hoja nzito vilevile. Tumia mlio mmoja safi, tuseme wa hezi 500 au 1000 (hezi zikiwa chache sauti ni nzito, zikiwa nyingi ni nyembamba), umpime mzee ambaye usikivu wake bado mzuri: kiwango kinachouamsha msuli hakipishani sana na cha kijana. Isitoshe, mashine haiuoni msuli. Inapuliza mlio mdogo sikioni, mara nyingi wa hezi 226, na kusoma jinsi unavyopokewa. Kiwambo cha sikio na mifupa yake vikibadilika kwa umri, usomaji nao hubadilika, hata kama msuli wenyewe haujambo. Na kwa mji kama wetu, utamtenganishaje mtu na kazi yake? Aliyesimamia mashine ya kusaga au kuchomelea vyuma katika eneo la Gerezani miaka thelathini hakuzeeka peke yake. Alizeeka na kelele.

Mimi naegemea upande wa kwanza, kwa kiasi. Kiwango cha kuanzia kinaeleza msuli unaamka lini. Nguvu ya mkazo inaeleza unafanya nini ukishaamka, na huko ndiko umri unakoonekana.

Ila msuli huu umepewa sifa kuliko kazi yake. Hupunguza zaidi sauti za chini ya hezi 1000, na huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo mlipuko wa fataki unapita kabla haujajikaza. Besi na genereta, hizo ndizo sauti zake. Sauti nzito hufunika konsonanti nyepesi kama s, f na t, na waliopooza uso upande mmoja wametufundisha hilo: msuli wao ukilala, sauti kubwa huwakera na maneno yanayosemwa kwa sauti kubwa huwachanganya. Mzee anayeongea vizuri barazani halafu akapotea genereta inapowashwa, basi, hajifanyi.

Lakini kero nyingine ya nyumbani haihusiani sana na refleksi hii. Unamwita bibi mara tatu haitiki; unapaza sauti, anakujibu, “Mbona unanifokea?” Hapo chanzo kikuu ni seli za koklea zilizokufa, zikabana nafasi kati ya sauti isiyosikika na sauti isiyovumilika. Refleksi ingekuwa na nguvu za kijana, bibi bado angelalamika.

Je, wazee wapimwe refleksi hii ili kubaini upotevu wa sinapsi uliojificha? Kwa mtu mmoja, kwa kipimo kimoja, bado mapema mno: watu wazima wenye afya hutofautiana sana, na wengine mashine haisomi kitu kabisa. Kulinganisha sikio lilelile baada ya miaka kadhaa kuna maana zaidi. Kwa sasa, anayempeleka mzazi wake kliniki ya masikio akaambiwa “anasikia vizuri” baada ya milio ya kawaida, aombe pia apimwe kuelewa maneno ndani ya kelele, maana ndilo lalamiko lililomfikisha pale.