Kufupisha tamthilia ya Kikristo si kuishusha hadhi

Pasaka inapokaribia, walezi wa vikundi vya wanafunzi wa Kikristo katika shule za sekondari huingia katika ubishi uleule: wachukue tamthilia ya nyimbo yenye jina kubwa na kuicheza kama ilivyoandikwa, au watafute andiko linaloweza kukatwa, kugawanywa na kupangwa upya kulingana na wanafunzi waliopo. Wanaoshika njia ya pili husemwa kwamba wanakwepa kazi, au, kwa lugha kali zaidi, kwamba wanalichezea Neno.

Upande wa kwanza una hoja ambazo si za kupuuzwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, kama ile ya Kenya ya 2001, huilinda kazi hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na kwa kawaida vibali vya tamthilia maarufu haviruhusu shule kuondoa wimbo au kubadili maneno bila idhini. Kikundi kinachohubiri uaminifu hakiwezi kujitetea kwamba kilikata kwa nia njema. Tena kuna suala la imani: Godspell, tamthilia ya 1971, ililalamikiwa na baadhi ya Wakristo kwa sababu haionyeshi ufufuo waziwazi baada ya msalaba. Ikiwa watunzi wenyewe waliulizwa, mlezi anayefuta onyesho la mwisho kwa sababu bwalo linahitajika kwa chakula cha jioni ataulizwa zaidi.

Hata hivyo, wanaotetea andiko kamili husahau jinsi baadhi ya kazi hizo zilivyoanza. Habari ya Yusufu na kanzu yake, ambayo leo hujaza kumbi kubwa kwa jina la Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na wavulana wa shule ya Colet Court, London. Andrew Lloyd Webber, mtunzi wa muziki wake, alikuwa na miaka 19, na onyesho lote lilichukua takriban robo saa. Urefu ulikuja baadaye, kwa mahitaji ya majukwaa ya kulipia. Mwalimu anayetafuta kazi ya dakika 20 hapunguzi kitu. Anatafuta kipimo ambacho kazi hiyo yenyewe ilizaliwa nacho.

Mfano wenye nguvu zaidi ni wa zamani. Katika mji wa York, Uingereza, hadi mwaka 1569, masimulizi ya Biblia kuanzia uumbaji hadi hukumu ya mwisho yaligawanywa katika michezo mifupi ipatayo 48, kila mmoja ukiwa mikononi mwa chama cha mafundi: waunda meli walijenga safina, waokaji mikate walicheza karamu ya mwisho, na watengeneza pini walimpigilia Kristo msalabani. Nafasi ya Kristo ilichezwa na watu wengi tofauti katika siku moja. Mwaka 1998 vikundi mbalimbali, vingi vikiwa vya vyuo, viliicheza michezo hiyo yote kwa siku moja katika Chuo Kikuu cha Toronto, kila kikundi kikileta sehemu yake.

Mgawanyo huo ndio ninaoutaka utazamwe kwa makini. Tamthilia ndefu yenye mhusika mkuu mmoja humpa mwanafunzi mmoja mwenye sauti nzuri muhula mzima wa kukua, na huwaacha wenzake 40 wakisimama nyuma kama umati, wakipaza sauti ya “Asulubiwe!” mara tatu kisha wakingoja pazia. Michezo mifupi huwapa wote maneno ya kusema na kosa la kusahihisha. Katika shule ya wasichana ugumu wa nafasi za kiume hupungua pia, kwani hakuna anayelazimika kubeba uanaume wa kuigiza kwa saa mbili.

Maandiko ya kale kama hayo hayana tena mwenye hakimiliki, ingawa matoleo yake ya kisasa yanaweza kuwa naye, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Mlezi akitafsiri mwenyewe kutoka andiko la kale, akaweka msimulizi wa kuunganisha sehemu, na majibizano ya Petro na kijakazi uani akayafanya ngonjera ambayo wanafunzi wanaimudu tayari, hajavunja sheria wala mafundisho, alimradi asiruke tukio ambalo lililofuata halieleweki bila hilo. Kwa kazi yenye kibali kinachokataza mabadiliko, aombe idhini kabla ya mazoezi kuanza. Akinyimwa, aiache na kuchagua nyingine.