Kufikia wazo jipya: kunafundishika?

Semina za ubunifu hazikosi fumbo la nukta tisa. Zimepangwa tatu tatu, mraba kamili. Ziunganishe zote kwa mistari minne iliyonyooka bila kuinua kalamu. Washiriki wanahangaika, mwezeshaji anachora jibu lenye mistari inayotoka nje ya mraba, kisha anawahimiza wafikiri nje ya mipaka.

Himizo hilo peke yake halisaidii sana. Mwaka 1981, wanasaikolojia Robert Weisberg na Joseph Alba waliwaambia watu waziwazi kwamba mistari inaweza kutoka nje ya mraba, na wengi bado walikwama. Waliofaidika zaidi ni waliotangulia kufanya mazoezi ya nukta chache, ambayo nayo yalidai mstari upitilize. Kwa hiyo wanaotetea mafunzo wana haki: tunachokiita kipaji mara nyingi ni mazoea.

Ila wanaoyatilia shaka wana hoja nzito zaidi. Aliyezoea nukta amekuwa hodari wa nukta tu. Watafiti Mary Gick na Keith Holyoak walilionyesha hili mwaka 1980 kwa swali la mwanasaikolojia Karl Duncker: mgonjwa ana uvimbe tumboni, na mionzi yenye nguvu ya kuuua itaunguza pia nyama isiyo na ugonjwa inakopita. Ufanyeje? Bila msaada, takriban mtu 1 kati ya 10 aliwaza kupitisha mionzi hafifu kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe. Wengine walisomeshwa kwanza kisa cha jenerali aliyegawa jeshi lake kwenye njia nyingi likakutane ngomeni. Jibu walikuwa nalo, lakini wengi hawakuliona mpaka walipodokezwa kwamba kisa kile kinaweza kuwafaa.

Kwangu, hapo ndipo mafunzo yanapotakiwa kuelekezwa. Utafiti wa Gick na Holyoak wa 1983 ulionyesha kwamba waliolinganisha visa viwili vya aina hiyo waliona uhusiano kwa urahisi zaidi. Mwalimu anaweza kufanya hivyo kwa chaki tu: maswali mawili yenye sura tofauti na mantiki moja, wanafunzi waeleze yanafananaje. Inakula muda, na mwalimu anayekimbizana na silabasi ana sababu ya kulalamika. Tena, kwa tatizo lisilofanana na lolote alilowahi kukutana nalo mwanafunzi, njia hii haiahidi kitu. Bado ningeichagua kuliko siku nzima ya semina.