Minazi ya Babu na Sheria Mbili za 1908

Hapa Leicester, ninakoishi kwa mwaka wa 17 sasa, nimekodi kwa halmashauri ya mji kipande kidogo cha ardhi cha kupandia mboga. Mzee wa Kiingereza anayelima kando yangu alinieleza kwamba kipande hicho si hisani ya mtu, bali kuna sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri ziwape wakazi mahali pa kulima panapokuwa na wanaohitaji. Mwaka huo mimi naujua kwa sababu nyingine.

Mwaka huohuo, chini ya dola hiyohiyo, pwani yetu ya Kenya iliwekewa sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai ardhi katika ukanda wa maili 10 alitakiwa kuwasilisha dai lake na kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Wakulima wadogo wengi walibaki bila hati. Ndiyo maana babu, aliyelima Kisauni tangu ujana wake, alikuwa na minazi lakini hakuwa na ardhi. Kwetu hilo halikuwa jambo geni: mti ni wa aliyeupanda, mchanga ni wa mwingine, na kila mwaka babu alimlipa mwenye hati.

Babu alifariki nikiwa na miaka 3, kwa hiyo ninayoyajua nimeyapokea kwa shangazi na ami. Shangazi husimulia dungu, kile kichanja kirefu cha miti alichopandishwa akiwa mtoto ili aamie ndege mtama ulipoanza kuiva, akashinda huko juu tangu alfajiri na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Ami husimulia safari za Marikiti, soko la Mombasa mjini, babu akisukuma baiskeli yenye magunia juu ya daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea majini. Wote wawili husema babu hakupanda kwa kalenda ya ukutani. Alihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa Waswahili, siku kumi kwa kumi, na hesabu yake isipofika hakutoa mbegu ghalani hata kama majirani walikuwa wameshadanganywa na manyunyu ya mwanzo.

Sikubaliani na wenzangu wa huku wanaosema kwamba maisha hayo yalikuwa matamu. Shangazi hakusoma shule kwa sababu ya ndege wale, na kuna miaka ambayo mvua ya mwaka ilikatika wakala mihogo mikavu kwa miezi. Ninachowatamania Waingereza ni kitu kingine. Sensa yao ya 1921 ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2022, yule mzee alifungua kompyuta akaona jina la babu yake, kibarua wa shamba, na kazi yake imeandikwa wazi. Wangu hayumo katika karatasi yoyote ninayoijua.

Hati ya babu ilikuwa masimulizi. Mwenye ardhi alipoiuza na mnunuzi akakubali kulipa fidia kwa kila mnazi, ami alitembea naye shambani akitaja mti mmoja mmoja: huu wa kisimani ulipandwa alipozaliwa shangazi, ule ulioinama ulipandwa mwaka wa harusi fulani. Ilihesabiwa minazi 43, na hakuna jirani aliyebisha. Wiki iliyofuata ilikatwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wanunuzi wa mashamba hayo sasa mara nyingi ni sisi tulio nje. Mimi mwenyewe nilinunua kiwanja upande wa Mtwapa, na agizo langu la kwanza kwa fundi, nililolitoa kwa simu, lilikuwa kuangusha minazi mitatu iliyosimama mahali pa msingi. Nilipomweleza shangazi, aliuliza swali moja tu: ilipandwa na nani? Sikuwa na jibu. Msingi ungali haujachimbwa; nimemwomba fundi asubiri, na Desemba nitakwenda mwenyewe kwa wazee wa pale niulize.