Kiunzi cha mfupa: kipi kwanza, nguvu au matundu?

Chukua mfupa wa paja la kuku, uloweke kwenye siki siku kadhaa. Ukiutoa, unapinda bila kuvunjika. Chukua mwingine, uuchome juu ya mkaa mpaka uwe mweupe kabisa. Umbo linabaki lilelile, lakini ukiubana kwa vidole unakuwa unga. Siki imekula madini ikaacha kolajeni, protini yenye nyuzi inayoupa mfupa unyumbufu. Moto umekula kolajeni ukaacha madini. Mfupa hai ni vyote viwili vimeshikana, na kwa uzito madini yanakaribia theluthi mbili.

Ndiyo maana wanaotengeneza viunzi vya kuoteshea mfupa hawaridhiki na kitu kimoja. Huchanganya kauri ya kalsiamu na fosfeti, kama haidroksiapataiti, na polima, yaani plastiki, kama polikaprolaktoni, kisha huacha matundu yanayopitiana ndani yake ili seli ziingie zijenge. Kiunzi hiki kinatafutwa pale ambapo pengo ni kubwa: dereva wa bodaboda amegongwa, muundi wake umepoteza sentimita kadhaa, au uvimbe wa saratani umekatwa pamoja na mfupa. Mvunjiko wa kawaida ukitulizwa hujiunga wenyewe. Pengo la namna hii haliungi.

Kiunzi chochote kinapaswa kupimwa dhidi ya mfupa unaochotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Huo una seli hai, una protini za kuamsha ujenzi, mwili haukatai, wala hauuzwi dukani. Kasoro yake ni kwamba unapatikana kidogo, na jeraha la pili huwauma baadhi ya wagonjwa muda mrefu baada ya mguu wenyewe kupona.

Sasa mvutano. Mishipa ya damu huingia vizuri zaidi matundu yakizidi mikromita 300 hivi, karibu theluthi ya milimita. Seli iliyo mbali na mshipa zaidi ya mikromita 200 inakosa oksijeni na kufa. Kwa hiyo damu inadai uwazi mwingi. Lakini kila tundu unaloongeza unalilipia: katika umbo la sifongo, ukipunguza mata kwa nusu, ukakamavu hushuka hadi robo. Mfupa mgumu wa nje hustahimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 100 na zaidi. Ule wa ndani wenye vitundu, kama unaouona kwenye kichwa cha mfupa wa supu, mara nyingi hauzidi 12.

Wapo wanaosema kiunzi kisichobeba mzigo hakina kazi mguuni, na juhudi nyingi zimekwenda huko: kuongeza chembe za kauri, kuzifanya ndogo zaidi, kuzisambaza vizuri ndani ya polima. Hoja yao ina uzito. Kauri tupu hupasuka daktari anapoipunguza ifuate umbo la pengo, na inavunjika ikipigwa parafujo. Polima huipa uvumilivu huo. Ila chembe zikizidi, mchanganyiko nao unakuwa mkavu na kukatika. Tena mara nyingi polima huzifunika chembe kama rangi juu ya ukuta, na seli inayotafuta madini inakuta plastiki.

Mimi naona tumekimbiza nguvu kupita kiasi. Mzigo una wa kuubeba: bamba la chuma, msumari wa ndani ya mfupa, au fremu ya nje. Kitu ambacho chuma hakiwezi kufanya ni kupitisha damu.

Tazama matumbawe. Jamii ya Porites, ambayo mafundi wa pwani yetu waliichonga ikiwa bado mbichi kwa mihirabu na miimo ya milango, ina vitundu vinavyopitiana pande zote. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan walionyesha kwamba matumbawe yanaweza kugeuzwa kuwa haidroksiapataiti kwa joto, maji na mgandamizo bila vitundu kuharibika. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu zao la kazi hiyo litumike kwa wagonjwa. Si kitu chenye nguvu. Kilikubalika kwa sababu mfupa unaingia ndani yake.

Lakini uwazi peke yake nao hautoshi, na hapa upande wangu unabanwa. Timu ya mtafiti Dietmar Hutmacher, Brisbane, Australia, ilikata sentimita 3 za muundi wa kondoo, ikafunga bamba na kuweka kiunzi cha polikaprolaktoni na kauri ya fosfeti. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, kiunzi kitupu hakikufikia mfupa wa nyonga. Kilichotiwa BMP-7, mojawapo ya protini za kuamsha ujenzi wa mfupa, kiliupita baada ya miezi 12. Protini hizo, hata hivyo, si za kuchezea: BMP-2, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa uti wa mgongo, ilipotumika shingoni baadhi ya wagonjwa walivimba mpaka kupumua kukawa shida, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa huko ikatoa onyo.

Kipimo ninachokirudia zaidi ni cha Waitaliano. Mwaka 2001 Quarto na wenzake waliripoti wagonjwa watatu waliozibwa mapengo makubwa kwa kauri yenye matundu iliyopandwa seli za uboho wao wenyewe, miguu na mikono ikishikiliwa na fremu ya nje. Ripoti ya 2007, iliyofuatilia wagonjwa wanne, watatu kati yao kwa miaka 6 hadi 7, ilikuta mifupa imeshikamana na kauri na haijavunjika tena. Ila kauri yenyewe ilikuwa bado ipo, inaonekana wazi kwenye eksirei.

Hapo ndipo polima inapopata kazi yake halisi: kuondoka. Mfupa hai hujitafuna na kujijenga upya kila siku, lakini kauri iliyobaki haijirekebishi ikipata ufa. Tatizo ni saa ya kuondoka. PLGA, polima nyingine, huweza kuyeyuka ndani ya wiki au miezi, ikiacha asidi ambayo madini ya kauri husaidia kuipunguza makali. Polikaprolaktoni hukaa miaka miwili na zaidi. Muundi wenye pengo la sentimita 5 unahitaji kitu cha katikati, na kwenye maabara ningependa kuona mashine ya kupima nguvu kwa kubana vipande ikipumzika kidogo, kiunzi kilichotolewa kwa kondoo kikatwe katikati kabisa, na ihesabiwe mishipa mingapi imefika pale.